Kadi Moja, Vifua Viwili

Ukitaka kumpata Robinson Ilukor, shuka Malaba uulize fundi wa breki za upepo. Hata dereva aliyetoka Mombasa jana atakuelekeza, kwa sababu trela likikaza breki na kukataa kuachia pale kwenye foleni ya mpaka wa Kenya na Uganda, hakuna mwingine wa kuitwa. Ilukor hutandika gunia chini ya lori, akalala chali, akagonga bomba moja moja kwa spana na kusikiliza upepo unavujia wapi. Kabla hajafungua hata nati moja, ameshakuambia kilichoharibika. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na saba, na kucha zake hazijatakata tangu binti yake Sharlyne azaliwe. Sharlyne sasa yuko sekondari.

Mafundi wa namna hii wanatafutwa Kanada. Hilo si domo la kijiweni; liko kwenye mtandao wa serikali ya huko, na Ilukor alilisoma mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alianza kulifuatilia miaka sita iliyopita. Akafanya mtihani wa Kiingereza akaanguka, akarudia akapita. Vyeti vyake vya ufundi vikapelekwa vikapimwe na watu asiowajua, vikakaa huko mpaka akavisahau, kisha vikarudi na muhuri. Ng'ombe wawili wa kwao Chakol wakauzwa, pesa zikaenda na maji. Mkewe Rita, anayeuza mitumba sokoni, aliacha kuwaambia wateja wake habari za Kanada kwa sababu walikuwa wameanza kumcheka. Halafu mwaka huu, mwezi wa sita, barua ya mwaliko ikaingia: baba, mama na mtoto waombe ukaazi wa kudumu. Wana siku sitini kuleta makaratasi yote, na kati ya hayo liko la daktari, la kila mmoja wao, kwamba amepimwa na mwili wake hauna ugonjwa wa kuwahatarisha watu wa huko.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue, la sivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima alifanya aliyoyafanya. Mwezi wa kumi na moja Ilukor anatimiza miaka arobaini. Kwa hesabu ya wale watu, ukigonga arobaini alama zako zinashuka, na alama za Ilukor zilikuwa zimepita kwa kubanana mlangoni. Mwaliko huu ukimponyoka, hakuna mwingine. Hilo alilijua yeye, alilijua Rita, hata Sharlyne alilijua, na nyumbani kwao hakuna aliyelitamka.

Si kila daktari anakubaliwa kupima watu wa Kanada. Wapo wachache waliochaguliwa, nao wako Nairobi. Wakaenda wote watatu. Damu ikatolewa, mkojo ukatolewa, macho yakasomeshwa herufi ukutani, kifua kikapigwa eksirei. Rita na Sharlyne wakamaliza kabla ya saa sita. Ilukor akarudishwa kwenye mashine mara ya pili. Mara ya tatu aliambiwa ageuke ubavu.

Daktari aliyemwita alikuwa mama wa makamo, Daktari Naliaka, mtu wa Bungoma, mpole wa sauti lakini macho yake hayapepesi.

"Bwana Ilukor, umewahi kuugua kifua kikuu?"

"Hapana, daktari."

"Hata zamani sana?"

"Hapana."

"Na hii ni nini?"

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Juu upande wa kulia, chini ya mfupa wa bega, palikuwa na alama nyeupe iliyokunjamana. Ilukor alitaka kusema ni moshi wa malori, au ni vumbi la breki, lakini yule mama alikuwa anamtazama tu, hana haraka.

"Daktari, hicho kifua kikuu kipo," alisema mwishowe. "Lakini kiko kwa jina la ndugu yangu."

Daktari Naliaka akavua miwani.

Ngojeni niwaeleze, maana mtu asiyekaa mpakani atafikiri Ilukor alikuwa amerukwa na akili. Wateso wako Kenya na Wateso hao hao wako Uganda. Wakoloni walipopiga mstari wao, ulipita katikati ya mashamba na watu wakabaki pande mbili wakisalimiana. Baba yake Ilukor alibaki upande wa Chakol, Kenya. Ndugu wa baba huyo, wa toka nitoke, alibaki upande wa Tororo, Uganda, akamzaa Ojakol. Kizungu kitasema hao ni binamu. Kwetu ni ndugu, basi. Na ndugu wa mpakani huazimana jina kama watu wa kwingine wanavyoazimana jembe. Mtoto wa Uganda atasoma Chakol kwa jina la mtoto wa baba mdogo. Mama wa Malaba atajifungulia ng'ambo kwa jina la shemeji yake. Mwenyekiti wa kijiji anajua, mwalimu anajua, muuguzi anajua. Jina likishatumika linarudi kwa mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuona dhambi hapo.

Basi mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili Ilukor alikohoa. Alikohoa mpaka akatoa damu kwenye kitambaa cha kufutia spana. Kliniki ya Malaba ilikuwa karibu, lakini muuguzi wa pale alikuwa anajuana na madereva wote, na enzi zile ukitajwa kwamba una kifua kikuu, watu walishamaliza kukuhukumu kwamba una na lile gonjwa jingine, Ukimwi. Nani angemfungulia kebini ya lori? Angekosa kazi kabla ya kukosa pumzi. Akavuka kwa njia ya ng'ombe, akaenda kwa Ojakol. Kituo cha afya cha huko kilitoa dawa bure, ila kilitaka mgonjwa awe mwanakijiji wanayeweza kumfuata akiacha dawa. Mwenyekiti akaandika barua. Kwenye kadi likaandikwa: Ojakol Job. Kwa miezi sita Ilukor alilala kwa ndugu yake, akala atap, ugali wa wimbi, wa Among, mke wa Ojakol, akameza vidonge kila asubuhi mbele ya muuguzi, na akaitika kila alipoitwa Ojakol. Akapona. Akarudi Malaba akiwa amenenepa, na akasema alikuwa Juba kikazi.

Kwa hiyo juzi, kwenye saiba ya Malaba, pale pa kukodi kompyuta, alipoulizwa na fomu kama amewahi kuugua kifua kikuu, aliweka alama kwenye Hapana bila kusita. Hakuona kwamba anadanganya. Kwa miaka kumi na mitatu ugonjwa ule ulikuwa wa Ojakol kwenye karatasi zote duniani, na mwenyewe alishaanza kuukumbuka hivyo hivyo. Kosa hilo, nawaambieni, mtu wa Nyeri, aliye mbali na mpaka, hawezi kulifanya hata ukimlipa.

"Mnaazimana mpaka ugonjwa?" Daktari Naliaka aliuliza.

"Kwetu ni kawaida, daktari."

"Kwenu ni kawaida. Kwenye hii fomu ni uongo. Sikiliza. Kifua kikuu kilichotibiwa kikapona hakimnyimi mtu Kanada. Kinachomnyima ni kudanganya. Wakikushika, miaka mitano hugusi mlango wao."

"Sasa nifanye nini?"

"Nitachukua makohozi yako siku tatu, yapelekwe maabara yaoteshwe, waone kama vijidudu viko hai. Hayo majibu ni wiki nane."

"Nimebakiza siku kumi na tisa."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia, nitafutie kadi ya matibabu. Nikiwa na ushahidi kwamba ulitibiwa ukamaliza, tutarekebisha hilo jibu lako, niandike maelezo yangu, nifunge faili kwa wakati. Bila kadi siwezi kukusaidia. Na iwe kadi yako tu. Ukiniletea kadi yenye mambo ya watu wawili, sitajua kipi ni cha nani, nitaitupa."

Alitoa makohozi siku tatu mfululizo, akilala sakafuni kwa mjomba wa Rita huko Kayole. Rita na Sharlyne walishatangulia nyumbani. Siku ya nne akapanda basi la Malaba, na siku ya tano asubuhi alikuwa kwa Ojakol.

Mnamfahamu mtu kama Ojakol. Kila kijiji kina mmoja. Akichimba muhogo, robo ni ya jirani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya na mcheza ngoma hodari, na harusi bila yeye ilikuwa kama msiba. Miaka kumi na moja iliyopita masikio yake yalikufa. Yalianza kwa kupiga kelele kama nyuki, kisha dunia ikanyamaza. Watu wakasema ni kwinini, wengine wakasema amerogwa na mwanakwaya mwenzake, na Ojakol mwenyewe alisema ni mapenzi ya Mungu. Kwaya alijaribu kuendelea nayo akashindwa, kwa sababu hajui tena wenzake wamefika wapi kwenye wimbo. Ukitaka akuelewe, sharti ukae mbele yake, useme polepole, aone midomo. Ukigeuza uso tu, umemtoka. Naye akizungumza anapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Kadi?" Ojakol alipaza. "Ile ya dawa? Among, iko wapi ile kadi yetu?"

Ile kadi yetu. Among akaingia ndani, akaitoa kwenye kopo la mbegu, imefungwa kwenye mfuko wa sukari. Hakuuliza mengi. Alisema tu, "Ukimaliza uirudishe, shemeji. Kila akienda hospitali wanamwuliza." Akamfungashia na karanga za kula safarini.

Ilukor aliifungua kadi akiwa njiani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wake: mwaka wa kumi na mbili, vidonge, miezi sita, amemaliza, amepona. Ukurasa wa pili ulikuwa wa mwaka wa kumi na nne. Alikumbuka. Mwaka huo, kituoni akiwa ameletwa muuguzi mgeni, Ojakol mwenyewe aliugua kifua kikuu, na Ilukor alimpelekea sukari na sabuni. Aliwahi kujiuliza enzi hizo kama si yeye aliyemwambukiza, maana alikohoa katika nyumba ile wiki kadhaa kabla dawa hazijamkolea. Alijiuliza mara moja, akaogopa jibu, akaacha. Sasa aliufunga ukurasa ule na kujiambia kwamba daktari ataangalia wa kwanza tu.

Kule Nairobi, daktari aliangalia kurasa zote mbili. Ukurasa wa kwanza aliusoma akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafunua.

"Na huku? Miaka miwili baadaye. Uliugua tena?"

Ilukor alifungua mdomo aseme, hapana, huyo ndiye mwenye jina. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini alikumbuka alivyoambiwa, kwamba kadi ya watu wawili itatupwa, na mbele ya macho yake akamwona Rita amekaa juu ya marobota ya mitumba, anangoja simu.

"Ndiyo, daktari. Niliugua tena."

"Ndiyo maana. Wamekuandika mgonjwa wa kurudia." Alifuata mistari kwa ncha ya kalamu. "Enzi hizo mtu aliyekwisha kutibiwa akiugua tena, walimwongezea sindano. Kila siku, miezi miwili. Hizi hapa, sitini. Masikio yako yakoje?"

"Masikio?"

"Ile dawa ya sindano iliwaharibu watu wengi masikio. Siku hizi imeachwa. Hebu kaa hivyo hivyo, usigeuke."

Akasimama nyuma ya kiti chake, akanong'ona. "Arobaini na tatu."

"Arobaini na tatu," Ilukor akasema.

"Kumi na saba."

"Kumi na saba."

"Tisini na moja."

"Tisini na moja."

"Umesalimika kabisa," daktari alisema akirudi mezani. "Una bahati ambayo sijaiona kwa wengi."



"Daktari," Ilukor aliuliza, "na kama nisingeugua ile mara ya kwanza? Kama ingekuwa huu wa pili ndio wa kwanza?"

"Ungepewa vidonge tu kama wengine. Sindano zilikuwa za wale walioonekana kwenye daftari kwamba wameshatibiwa."

"Na masikio?"

"Vidonge vile haviui masikio, Bwana Ilukor. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Nauliza tu. Mtu na akili zake anajua sasa hivi kwamba alimnyang'anya ndugu yake masikio, alimnyamazishia ngoma, kwaya, sauti ya mkewe, na anasema anauliza tu. Mimi simtetei. Lakini nimekaa na watu wanaoishi kwa kungoja, na najua mtu akishangoja miaka sita anakuwa na kitu ndani kinachomziba mdomo. Ilukor alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni, akasikia na hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Daktari Naliaka alikuwa anaandika. "Bado jambo moja. Kadi hii ina jina la mtu mwingine. Nataka barua ya kiapo kutoka kwa huyo Ojakol, kwamba alikuazima jina na kwamba matibabu yote mawili ni yako, si yake. Aweke sahihi, wakili apige muhuri. Leo ni Jumanne. Jumatatu nafunga faili lako, na baada ya hapo sitaweza tena."

Rita alipiga simu kabla Ilukor hajafika hata getini.

"Wamesemaje, Baba Sharlyne?"

"Imebaki sahihi moja tu."

Alisikia Rita akivuta pumzi, kisha akamsikia akilia, kilio cha chini cha mtu aliye mbele ya wateja. "Asante Mungu," Rita alisema. "Asante, asante. Nilikuwa nimeshakata tamaa." Ilukor alishika ukuta wa jengo lile la watu, akakata simu.

Wakili wa Busia alikuwa ghorofani, juu ya duka la kubadilisha fedha, na alikuwa na shughuli nyingi. Aliipiga barua ile chapa huku akijibu simu. Wakili hakutaka hata Ojakol mwenyewe aje. "Lete sahihi yake tu, muhuri upo," alisema. Barua ilikuwa fupi, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ilukor aliisoma amesimama kando ya barabara, baiskeli za mizigo zikimpita kuelekea Uganda. Mimi, Ojakol Job, naapa kwamba mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili nilimwazima ndugu yangu jina langu kwa ajili ya matibabu. Naapa kwamba sijawahi kuugua kifua kikuu, na kwamba vidonge na sindano zote zilizoandikwa kwenye kadi hii hazikuwa zangu.

Aliisoma mara tatu. Ile mara ya tatu alitaka kuichana. Kisha akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati upande wa moyo, akaenda zake kutafuta usafiri.

Usiku huo, na usiku uliofuata, hakumwambia Rita kitu. Rita alikuwa ametoa sanduku uvunguni na kulipangusa vumbi. Alikuwa anauliza kama kule mtu anaweza kuendelea kuuza nguo, na kama baridi ya kule inaingia mpaka ndani ya nyumba. Sharlyne alikuwa ameandika majina ya miji nyuma ya daftari la hesabu. Ilukor aliketi kati yao akila ugali usio na ladha. Angewaambia nini? Kwamba barua ni ya uongo? Wangesema, uongo gani, si jina tu, si kawaida? Kwamba bila kuazima lile jina Ojakol angekuwa anasikia? Rita angenyamaza, na yeye hakuwa tayari kuuona uso wa Rita ukinyamaza. Akaona afadhali aende akamalize. Ijumaa asubuhi akavuka.

Ojakol alikuwa uani, amekalia kigoda, anamenya muhogo. Alimwona ndugu yake kutoka mbali, akanyanyua kisu juu kwa furaha.

"Mtu wa Kanada!" alipaza, na kuku wakatawanyika. "Yoga, ndugu yangu! Wamekukubali?"

Ilukor alichuchumaa mbele yake ili aonekane midomo. "Bado. Wanataka sahihi yako."

"Yangu mimi? Kanada wananijua?"

Akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea barua. Ojakol alifika darasa la sita, na kusoma anasoma, kwa kidole, neno kwa neno. Ilukor alimtazama kidole kikishuka. Kwa muda mfupi, si mrefu, aliomba ndugu yake akatae. Akatae tu, aseme hawezi kuapa uongo, halafu mambo yaishie hapo bila yeye Ilukor kutamka lolote.

Ojakol alifika mwisho, akacheka.

"Wanasema mimi sijawahi kuugua."

"Ndiyo wanavyotaka. La sivyo kadi haifai."

"Na zile sindano zangu zote sitini? Matako yangu haya yamesahau?" Alicheka tena mpaka akakohoa, akajipiga kifua. "Sasa ndugu yangu, ugonjwa wangu umenisaidia nini mimi? Chukua. Chukua wote. Umpeleke yule mtoto akasome. Lete kalamu."

Among alikuwa jikoni. Alisikika akipanga vikombe. Ilukor alitoa kalamu. Kofia ya kalamu ikamponyoka ikaanguka kwenye maganda ya muhogo, na Ojakol ndiye aliyeiokota. Akaitandaza barua juu ya ubao wa kukatia, akainama juu yake kwa uangalifu wa mtu ambaye haandiki kila siku. Kisogo chake kilikuwa kimeanza mvi. Nyuma ya sikio kulikuwa na povu la sabuni lililokauka.

"Ni hapa?" alipaza, bila kuinua kichwa.

Ilukor akamwonyesha kwa kidole. Kalamu ikaanza kwenda, polepole.

Hakuwa amepanga kusema. Maneno yalimtoka yenyewe, kwa Kiteso, kwa sauti ya kawaida ambayo mtu huitumia akizungumza na aliye karibu naye. "Ni mimi niliyeyaua masikio yako," alisema akikitazama kile kisogo. "Daktari ameniambia. Wale walikuchoma sindano kwa sababu daftari lilisema umeshaugua, na aliyeugua ni mimi. Ungepewa vidonge tu. Ungekuwa unasikia mpaka leo. Nimejua tangu Jumanne, Ojakol, na bado nimekuletea karatasi useme hukuchomwa. Nisamehe. Sijui nifanye nini. Nisamehe."

Ojakol alimaliza herufi ya kwanza, akaanza ya pili.

Ilukor akajifuta uso kwa kiwiko, akageuka kutazama pembeni. Among alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, vikombe viwili vya chai mkononi. Huyu ndiye aliyempeleka Ojakol kwenye kituo cha afya kwa baiskeli siku zote sitini. Ndiye aliyemshika mkono wakati wa kuchomwa. Alikuwa amesimama hapo kwa muda gani, Ilukor hakujua, lakini chai ilikuwa inamwagika kidogo kidogo kutoka kikombe kimoja, ikipita juu ya vidole vyake, naye hakuwa anaihisi.

"Shemeji," alisema. Hakupandisha sauti. "Rudia hayo uliyosema."

"Among, mimi nilikuwa..."

"Usiniambie mimi. Mimi nasikia." Akaja mpaka walipokuwa, akaweka vikombe chini, akamgusa mumewe begani. "Mwambie yeye, kabla hajamaliza kuandika. Na umwangalie usoni, aione midomo yako."

Ojakol alipoguswa aliinua kichwa. Alikuwa ameandika herufi tatu. Alimtazama mkewe, akamtazama ndugu yake, bado anatabasamu, kisha akakaza macho kwenye mdomo wa Ilukor na kungoja aambiwe kuna nini.